Kuzuia Nako ni Kazi ya Ubongo

*Hotuba hii ilitolewa katika komini ya Katuba, Lubumbashi, mbele ya wazazi wa watoto wenye kifafa, wanafunzi wa uuguzi na viongozi wa makanisa. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.*

Baba zangu, mama zangu, wazee wa makanisa, na ninyi vijana wa uuguzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kuja na mvua hii.

Mliniita nizungumze juu ya kifafa. Nitafika huko, lakini nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hata sisi waganga wa hospitali hatulielezi vya kutosha kwa wazazi. Tukisema "ubongo", kila mtu hufikiria amri. Ubongo unaamrisha mkono uinuke, mguu utembee, mdomo useme. Ni kweli. Lakini je, nani anaziamrisha seli nyingine za ubongo zinyamaze? Kwa nini mkono wa kushoto unatulia wakati wa kulia unaandika? Kwa nini mtu akilala mwili wake nao unalala?

Ninyi mnaoimba korali mtanielewa upesi. Korali ya watu mia, kila mmoja akiimba kwa nguvu zake zote bila kungoja mwenzake, ni kelele. Anayeongoza korali, kazi yake kubwa ni kunyamazisha: soprano ngojeni, besi shusheni, sasa wote kimya. Katika gamba la ubongo wetu, kwa kila seli tano za neva, takriban nne husisimua na moja huzuia. Hiyo moja ndiyo inayofanya wimbo uwe wimbo. Na ili kuzuia, seli hiyo humwaga kemikali ndogo sana ambayo wataalamu huiita GABA. Wanafunzi, andikeni: GABA, asidi ya gama-aminobutiriki.

Inafanya kazi vipi? Seli inayozuia inaitoa GABA, nayo inashika kwenye kipokezi juu ya seli jirani. Kipokezi hicho kimeundwa na protini tano zilizozunguka tundu moja. GABA ikishika, tundu linafunguka, chembe za kloraidi zenye chaji hasi zinaingia ndani, na ile seli jirani inakuwa nzito kusisimka. Hayo yote kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, mamilioni ya mara, sasa hivi mnaponisikiliza. Kizuizi hicho kikishindwa na seli nyingi zikaanza kuwaka kwa pamoja, hapo ndipo mtoto anaanguka. Hapo ndipo macho yanageuka na mikono inaruka. Hicho ndicho kifafa, mama zangu.

Tumejuaje haya?

Kemikali yenyewe ilikuwa imeshatengenezwa maabara tangu karne ya 19, na mwaka 1949 ilionekana ndani ya kiazi. Ndiyo, kiazi hiki cha kupika. Mwaka uliofuata, 1950, Eugene Roberts wa mji wa St. Louis, Marekani, alikuwa anachunguza ubongo wa panya kwa karatasi maalumu inayotenganisha kemikali. Akaona doa asilolijua, tena kubwa, na doa hilo katika viungo vingine halikuonekana hivyo. Mwaka huohuo Jorge Awapara, naye akiwa Marekani, alilikuta peke yake kwa njia yake. Lilikuwa GABA. Lakini doa kwenye karatasi halisemi kazi yake. Kwa miaka kadhaa watu walijua kwamba GABA ipo kichwani, na hawakujua inafanya nini.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mtafiti Ernst Florey alikuwa anafanya kazi na kamba wa maji baridi, wale wanyama wadogo wa mtoni wenye magamba na makucha. Kamba huyo ana neva moja inayopiga mfululizo, bila kupumzika, pale msuli wake unapovutwa. Florey alichukua maji yaliyokamuliwa kutoka katika ubongo wa mamalia, akayadondosha juu ya neva hiyo. Neva ikanyamaza. Akayaosha maji yale, neva ikaanza tena kupiga. Ndani ya ubongo kulikuwa na kitu kinachonyamazisha! Ili kukijua, yeye na wenzake huko Montreal, Kanada, walisaga makumi ya kilo za ubongo wa ng'ombe, wakachuja, wakachuja tena, na mwaka 1957 wakatangaza jina lake. Ilikuwa ni ile GABA ya Roberts.

Je, dunia ilishangilia? Hapana. Wengi walikataa. Walisema kitu rahisi hivi hakiwezi kuwa na kazi kubwa hivi katika ubongo. Ilibidi miaka ya 1960 ipite karibu yote, watafiti wa Harvard wakitoa neva za kamba-koche mojamoja na kuonyesha kwamba neva zinazozuia ndizo zilizojaa GABA, na wengine wakionyesha kwamba hata katika ubongo wa paka GABA inanyamazisha seli. Hadithi hii naipenda, na nawaomba wanafunzi muipende. Kijana anayechezea neva ya kamba, jirani zake wanamwona anapoteza wakati. Leo kila hospitali ya dunia inatumia dawa zinazopita kwenye mlango ule alioufungua.

Sasa niwapeleke kwenye chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani, watoto wachanga walianza kupata degedege. Walikuwa watoto wenye afya, waliozaliwa vizuri. Hawakuwa na homa, hawakuwa na maambukizi ya ubongo. Madaktari walitafuta, wakakuta kwamba watoto hao walikuwa wananyweshwa maziwa ya kopo ya aina moja, na kwamba katika kuyatengeneza, joto kali lilikuwa limeharibu vitamini B6. Wakawapa vitamini hiyo. Degedege ikakoma.

Vitamini inahusu nini hapa? Sikilizeni vizuri, kwa maana sehemu hii ni tamu. Mwili unatengeneza GABA kutoka katika glutameti. Na glutameti ni nini? Ndiyo kemikali kubwa ya kusisimua ubongo. Kile kinachowasha ndicho kinachogeuzwa kuwa kinachozima! Kimeng'enya kinachofanya mgeuzo huo hakifanyi kazi bila vitamini B6. B6 ikikosekana, GABA inapungua, glutameti inabaki, na mtoto anaanguka. Kuna hata watoto wachache ambao, kwa sababu ya kasoro ya kurithi, wanahitaji B6 kwa wingi maisha yao yote. Kwa hiyo, kijana muuguzi, ukimwona mtoto mchanga ambaye degedege yake imekataa kila dawa, kumbuka B6. Mwambie daktari wako. Usione aibu.

Na jambo hili linagusa mji wetu wa migodi. Wangapi hapa wana ndugu, mchimbaji, anayemeza dawa za kifua kikuu? Naona mikono mingi. Moja ya dawa hizo ni aisoniazidi, dawa nzuri iliyookoa watu wengi tangu mwaka 1952. Lakini aisoniazidi inapambana na vitamini B6 mwilini. Ndiyo maana wagonjwa waliokonda, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye virusi vya ukimwi na wanaokunywa pombe nyingi huongezewa B6, hasa ili kulinda neva za miguu na mikono. Na mtoto akiokota vidonge vya baba akavimeza vingi, anaweza kupata degedege kali ambayo dawa za kawaida zinashindwa kuizima, na tiba yake ni hiyohiyo B6. Mama, dawa za kifua kikuu ziweke juu. Usiache kumpa mgonjwa, nakuomba sana, usiache! Ziweke tu mahali ambapo mtoto hafiki.

Tuje kwenye Gardénal. Hapo mmecheka, kwa sababu karibu kila nyumba yenye kifafa inaijua.

Jina lake la kitaalamu ni fenobabitali. Mwaka 1912, huko Ujerumani, kijana daktari aitwaye Alfred Hauptmann alikuwa na wagonjwa wa kifafa wodini. Yasemekana chumba chake kilikuwa karibu na wodi yao, na usiku hakulala kwa sababu ya kuanguka kwao. Akawapa dawa mpya ya usingizi, ili watulie walale. Akaona kitu kingine: hata mchana hawakuanguka kama zamani. Akaandika alichokiona. Miaka mingi baadaye Hauptmann, kwa kuwa alikuwa Myahudi, ilimbidi aikimbie nchi yake, akafia Marekani. Dawa aliyoitambua ingali inatibu watoto wa Katuba leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, na ni kati ya dawa za bei nafuu kabisa za kifafa duniani.

Hauptmann hakujua kwa nini inafanya kazi. Hakuweza kujua, maana GABA katika ubongo ilikuwa bado haijaonekana. Leo tunajua: fenobabitali inashika kwenye kipokezi kilekile cha GABA na kufanya lile tundu likae wazi muda mrefu zaidi. Diazepamu, yaani Valium, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, inashika mahali pengine kwenye kipokezi hichohicho na kufanya tundu lifunguke mara nyingi zaidi. Zote mbili zinaisaidia GABA yako mwenyewe. Dawa hizi hazileti kitu kigeni cha kupigana na pepo wala na mtu. Zinampa mtoto zaidi ya kile ambacho Mungu ameshakiweka kichwani mwake.

Wachungaji wangu, mnisikilize hapa kwa moyo. Msichana mmoja wa komini ya Ruashi alikuwa ameshatulia kabisa. Kabla ya dawa aliwahi kuangukia mbabula, jiko la makaa, na kovu analo hadi leo kwenye mkono. Kwa Gardénal alikaa muda mrefu bila kuanguka, akarudi shule. Kisha familia ikaenda kwenye mkesha, ikaambiwa kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Wakaviacha siku hiyohiyo, vyote, kwa mara moja. Alipoletwa kwetu alikuwa anaanguka, anaamka nusu, anaanguka tena. Mama yake aliniambia: "Munganga, batu banamuloga mutoto yangu." Nilimshika mkono. Hakuwa na kosa, alikuwa ameambiwa hivyo na mtu anayemheshimu.

Kilichotokea kinaelezeka. Ubongo uliokaa miezi na miaka pamoja na dawa hii unajipanga upya kwa kuitegemea. Ukiiondoa ghafla, kizuizi kinapungua ndani ya siku chache tu, na ubongo hauna muda wa kujipanga tena. Ndiyo maana daktari anayetaka kuiondoa dawa anaipunguza polepole, kwa wiki nyingi. Ombeni, wachungaji. Ombeni sana, nami naomba pamoja nanyi. Lakini mwambieni mgonjwa aombe huku kidonge kiko mkononi. Yule msichana alipona, na kwenye masomo alirudi nyuma sana.

Na kuna ugunduzi mmoja ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Tafiti zilizofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2005 zilionyesha kwamba kifafa kikiendelea bila kukatika, vipokezi vya GABA vinavutwa kutoka juu ya seli na kuingizwa ndani. Maana yake nini? Maana yake kila dakika inayopita, kuna vipokezi vichache zaidi vya kushikwa na dawa. Diazepamu ambayo ingetosha mwanzoni, baadaye haitoshi. Kwa hiyo mtoto akianguka, angalieni saa. Mlazeni ubavu. Ondoeni mbabula, ondoeni mawe, msiweke kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu. Mate yake hayaambukizi, mguseni! Ikifika dakika tano bado anatetemeka, msingoje. Msingoje mjomba atoke kazini, msingoje mvua ipite. Tafuteni pikipiki, mwende.

Jambo jingine ni kupeana vidonge. Mama mmoja anamwambia jirani, "Chukua hivi, vilimsaidia wangu." Nia ni njema. Lakini kifafa si kimoja. Kuna aina iitwayo ugonjwa wa Dravet, inayoanza katika mwaka wa kwanza wa maisha, mara nyingi kwa homa. Katika wengi wao kasoro iko kwenye jeni moja, na utafiti ulionyesha kwamba zile seli zinazozuia ndizo zinazoumia zaidi na kasoro hiyo. Mtoto huyu ukimpa karbamazepini, dawa nzuri kwa watoto wengine, unaweza kumzidishia kuanguka. Dawa inazidi kuzilegeza seli ambazo tayari zimelegea. Kila mtoto na cheti chake cha dawa.

Nigusie pombe, maana kina baba wameanza kutazama chini.

Pombe nayo inapita kwenye GABA. Lutuku (pombe kali ya kienyeji), bia, mvinyo, vyote. Ndiyo maana mtu akinywa hofu inaondoka, ulimi unalegea, miguu inapoteza njia. Anayekunywa sana kila siku, ubongo wake unapunguza nguvu ya GABA na kuongeza ile ya kusisimua, ili usawa upatikane. Sasa mtu huyo anavunjika mguu mgodini, analazwa, hapati pombe. Siku ya kwanza au ya pili anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anaona vitu ambavyo havipo, halafu anaanguka kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Familia inasema jirani wa kitanda kamroga. Hakuna aliyemroga. Wauguzi, mkimpokea mgonjwa yeyote aliye mtu mzima, muulizeni juu ya pombe kwa upole, pembeni, mbali na watoto wake. Na ninyi vijana mnaochanganya Valium na pombe kwa ajili ya starehe: viwili hivyo vinasukuma upande mmoja, na mwishoni kinachozimwa ni kupumua.

Pepopunda nitaitaja kwa ufupi. Sumu ya bakteria yake inapanda kupitia neva hadi uti wa mgongo na kuzuia kutolewa kwa GABA na mwenzake, glisini. Kizuizi kikiondoka, misuli yote inakaza: taya linafunga, mgongo unapinda. Mama mjamzito, chanjo ile ya mkononi inakulinda wewe na mtoto wako. Ipate.

Mtaniuliza: kwa kuwa tunajua haya yote, kwa nini kifafa hakijaisha?

Kwa sababu ubongo bado unatufundisha. Mwaka 1989 Yehezkel Ben-Ari na wenzake, huko Ufaransa, walionyesha katika panya wachanga jambo lililowashangaza wengi: katika ubongo mchanga sana, GABA inasisimua. Seli changa zina kloraidi nyingi ndani, kwa hiyo tundu likifunguka kloraidi inatoka badala ya kuingia, na matokeo yanageuka. Watafiti wakafikiri: basi tukitoa dawa ya kupunguza kloraidi ndani ya seli, tutawasaidia watoto wachanga wenye degedege. Wakaijaribu huko Ulaya dawa ya kukojoza iitwayo bumetanidi. Jaribio likasimamishwa mapema, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: dawa haikuonyesha faida, na watoto kadhaa walipungukiwa na usikivu. Wazo lilikuwa zuri, na mtoto halisi akalikataa. Nawaheshimu sana watu wale kwa kuchapisha kushindwa kwao. Kwa sababu yao, hakuna mtoto wa hapa atakayepewa dawa hiyo bila faida.

Na kuna mahali ambapo wazo lilikubali. Mama akijifungua, homoni fulani zinazoisaidia GABA zinashuka ghafla mwilini mwake. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya huzuni kali ya baada ya kujifungua iliyotengenezwa kwa kufuata homoni hizo, dripu ya saa 60, na mwaka 2023 ikaidhinisha ya vidonge. Hapa kwetu mama asiyemtazama mtoto wake baada ya kuzaa anaitwa mvivu, au mwenye roho mbaya. Ni mgonjwa. Dawa hizo mpya bado ziko mbali nasi, lakini kumsikiliza na kumfikisha kwa daktari kunawezekana leo.

Mwisho, simu zenu. Nimeona matangazo ya vidonge vya "GABA asilia" vya kutuliza akili na kuponya kifafa. Msinunue. GABA ukiimeza haivuki kwa urahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Pesa hiyo inatosha kununua fenobabitali ya muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani linasema watu takriban milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri. Lakini katika nchi za kipato cha chini, robo tatu hawapati tiba wanayohitaji. Robo tatu! Na dawa tunayo. Iko farmasini.

Sasa naacha maswali yenu. Meza ile ya kulia kuna wauguzi wawili. Wenye vyeti vya dawa, wapelekeeni, wataangalia kiasi na uzito wa mtoto wa sasa, maana wengi mnampa mtoto wa miaka kumi kipimo alichopewa akiwa na minne. Mzani uko karibu na mlango. Mama mwenye kitenge cha kijani, naona umeinua mkono tangu zamani, anza wewe.